MALORI YA JESHI KATIKA KAZI YA MKULIMA

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama



Mwenyekiti aliponiarifu kwamba nitapewa nusu saa ya kusema katika sherehe hii, nilidhani nitatakiwa kusoma hesabu. Kumbe hesabu zitapigwa chapa katika kijitabu, na kila mtu atazisoma kwa nafasi yake. Mimi nimetakiwa kueleza habari za yale malori matatu ya rangi ya majani yanayosimama nyuma ya ghala letu, ambayo wengine huyaita "wazee wa kazi", na wengine, hasa nyakati za masika, huyaita majina ambayo sitayataja mbele ya wageni. Naona Mwenyekiti ametenda vema. Katika miaka kumi hii hakuna mali ya Chama iliyoleta maneno mengi mikutanoni kuliko malori hayo, wala hakuna iliyobeba mzigo mwingi zaidi.

Yafaa niseme mapema kwamba mimi si fundi. Elimu yangu ni ya sekondari, na mikono yangu imezoea kalamu. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kumshikia taa Fundi wetu jioni nyingi, yeye akiwa chini ya gari na mimi nikiwa nimechuchumaa kando, nikiuliza maswali ambayo nadhani yalimchosha. Nikikosea, yupo pale mstari wa mbele, naye hana haya ya kunisahihisha.

Lori la jeshi kubeba mazao si jambo geni wala si la aibu. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, dunia ilijaa magari yasiyo na kazi. Kampuni ya GMC ya Marekani ilikuwa imetoa zaidi ya nusu milioni ya malori yake ya ekseli tatu. Kanada ilikuwa imetoa magari ya kijeshi zaidi ya 800,000. Na Bedford ya Uingereza, tangu mwaka 1941 hadi 1945, ilikuwa imetengeneza zaidi ya malori 50,000 ya aina ya QL. Amani ilipokuja, hayo yote yaliuzwa kwa bei ya kutupa. Watu wa Ufilipino walizichukua jeep zilizoachwa na Wamarekani, wakazirefusha, wakazipaka rangi, wakapata zile jeepney zilizowabeba abiria wao kwa miongo mingi. Na huku kwetu, askari wa keya waliorudi kutoka Burma walirudi na kitu cha faida kuliko medali: wengi wao walikuwa wamefundishwa kuendesha malori na kuyatengeneza. Fundi wetu mwenyewe alipokea kazi yake, katika miaka ya 1970, kwa mzee mmoja aliyeendesha lori huko Burma. Kwa hiyo spana mnayoiona mkononi mwake ina ukoo mrefu.

Wazee wanakumbuka pia kwamba mambo yaliwahi kwenda kinyume. Mwaka 1978, vita vya Kagera vilipoanza, malori ya raia ndiyo yaliyokwenda jeshini. Basi tusione ajabu sana lori likibadili kazi.

Lakini historia hiyohiyo ina onyo lake, na onyo hilo halikutoka mbali. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza ule mpango mkubwa wa karanga, ikikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu, kazi ikianzia Kongwa na kuenea hadi Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo yakanunuliwa makuukuu ya jeshi la Marekani yaliyoachwa Ufilipino, na kiwanda cha Vickers kikageuza hata vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Mashine zilifika zimechoka. Spea zilikuwa haba, karakana zilikuwa hazijawa tayari, na waendeshaji wengi walikuwa wamefunzwa kwa haraka. Kabla ya mwaka ule kwisha, sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa imelala. Mpango ulifungwa mwaka 1951, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea. Najua kulikuwa na sababu nyingine, udongo ule mgumu na mvua zisizotosha. Hata hivyo, mtu anayenunua mashine kuukuu ya jeshi angefaa apite Kongwa kwanza, ajiulize ni nani atakayeitengeneza, kwa spea zipi, na chini ya paa gani. Sisi hatukujiuliza hivyo kabla ya kununua. Tulijiuliza baadaye.

Malori yetu ni Bedford ya aina ya MJ, ya jeshi la Uingereza, yaliyotengenezwa katika miaka ya 1980. Jeshi lile lilianza kupokea malori mapya ya MAN mwaka 2007, na makuukuu yakauzwa minadani. Yetu tuliyapata katika mwaka wa pili wa Chama, kwa mkono wa mfanyabiashara, na bei ya yote matatu haikufika bei ya lori moja jipya. Injini yake ni ya dizeli, silinda sita, lita tano na nusu hivi. Umeme wake ni wa volti 24. Ni gari lililoundwa kubeba tani nne mahali pasipo na barabara, na likitaka huvuta kwa magurudumu yote manne. Halina mashine za kompyuta. Kila kilichomo huonekana kwa macho na huguswa kwa mkono. Hiyo ndiyo sababu iliyotufanya tuyapende, na bado naiona ni sababu njema.

Jambo moja lilitudanganya. Tulipoyaona mara ya kwanza, saa za kuhesabia mwendo zilionyesha kilomita chache mno kwa umri wake, nasi tukafurahi kama watu waliookota. Fundi peke yake ndiye aliyenyamaza. Akachukua ukucha akabonyeza mpira wa hosi ya rejeta, nao ukapasuka kama ganda la yai. Akatuambia kwamba gari la jeshi haliugui kwa kutembea. Huugua kwa kukaa. Miaka mingi limesimama ghalani: sili za mpira zimekauka, mafuta ya breki yamekunywa unyevu wa hewa, tangi la dizeli limeshika kutu kwa ndani, na matairi ambayo kashata zake zingali ndefu yamepasukapasuka ubavuni. Tangu siku ile tumejifunza kusoma umri wa tairi. Tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 lina tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Matairi mawili kati ya yale tuliyokuja nayo hayakuwa na tarakimu nne, na ndugu zangu mnaelewa maana yake.

Breki zilitugharimu muda mrefu kuliko kitu kingine. Katika malori haya mguu wa dereva husaidiwa na upepo, lakini kinachosukuma kwenye magurudumu ni mafuta. Mafuta ya breki yakishavuta maji, huchemka upesi. Mnaijua njia yetu ya mlimani: dereva akishuka na tani nne za kahawa, akawa amekanyaga breki muda wote badala ya kujizuia kwa gia, mafuta yale huchemka, mvuke huingia kwenye mabomba, na mguu hushuka hadi sakafuni bila kupata kitu. Kwa sababu hiyo Fundi huyamwaga yote na kuweka mapya kila mwaka kabla ya msimu, hata kama yanaonekana safi. Na ndiyo maana kuna kibao pale juu ya mteremko kinachomwamuru dereva asimame, aweke gia ndogo, ndipo ashuke. Wale wanaosema kwamba kibao kile kinachelewesha mzigo, nawaomba washuke mara moja katika nafasi ya utingo.

Sasa nafika mahali ambapo sikupenda kufika, lakini Mwenyekiti alisema tusiseme mema tu.

Katika mwaka wa tano wa Chama, mwezi wa Oktoba, Fundi aliniletea orodha ya vitu vya kununua kabla ya mvua. Ndani yake mlikuwa na machujio sita ya dizeli, na kazi ya kulishusha tangi la lori la kwanza ili lisafishwe kutu. Mimi nilikuwa nimekazana kuonyesha katika mkutano mkuu kwamba matumizi yamepungua. Nikachukua kalamu nyekundu nikakata machujio manne kati ya sita, na kazi ya tangi nikaiandikia "isubiri mwezi wa Januari". Fundi hakubishana nami. Aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

Katika juma la pili la Desemba lori lile lilipakiwa mifuko ya mbolea ya kupandia, kwenda kwa Chama cha Msingi kilicho mbali kuliko vyote, ng'ambo ya mto. Mvua ilikuwa imeanza siku mbili kabla. Lilipoanza kupanda kilima baada ya daraja, dizeli ikatikisika tangini, kutu ikafumka, chujio likaziba. Dereva akabadili chujio, akatoa upepo kwenye mabomba, akaenda kilomita mbili, likaziba tena. Akaweka la pili, ambalo ndilo lilikuwa la mwisho. Likaziba. Lori la pili lilikuwa liko chini kwa klachi, na la tatu halikuwa na breki. Mvua ikazidi, daraja likafunikwa, na mbolea ikakaa chini ya turubai siku kumi na moja.

Wanachama wa upande ule walipanda bila mbolea, kwa kuwa mvua haimsubiri mtu. Wengine wakabeba mifuko michache kichwani hadi mashambani kwao, akina mama hasa, katika matope yale. Mavuno yao ya mwaka ule mnayajua, na baadhi yenu mko hapa. Mkutano ulipouliza, nilijibu kwamba "gari liliharibika". Jibu lile lilikuwa kweli, lakini halikuwa kamili. Lori lilifanya kama Fundi alivyosema litafanya. Aliyeharibu alikuwa mimi, kwa kalamu, nikiwa nimeketi kwenye kiti kikavu. Ile karatasi Fundi alikuwa ameitunza. Alinirudishia mwezi wa Machi bila kusema neno, nami nimeigundisha ndani ya jalada la daftari la magari, ambapo Katibu atakayenifuata ataiona.

Tangu hapo utaratibu wetu ni huu. Kila lori lina daftari lake. Dereva huandika kilomita, dizeli, oili iliyoongezwa, maji yaliyoongezwa, na kila sauti ambayo hakuizoea. Fundi huandika alichofungua na alichofunga. Katibu husoma kila Ijumaa na kutia sahihi, lakini hana ruhusa ya kukata kitu chochote cha breki, usukani, matairi au dizeli bila Fundi kukubali mbele ya Bodi. Sheria hiyo niliiomba mwenyewe. Kuna kazi nyingine ndogo ambazo mtu angeweza kuzidharau: kufungua koki ya chini ya chujio kila asubuhi ili maji yatoke kabla ya injini kuwashwa, kujaza tangi jioni ili lisibaki na nafasi ya unyevu kugeuka maji usiku, kukung'uta chombo cha kuchujia hewa kila siku wakati wa kiangazi, maana vumbi letu jekundu likiingia kwenye silinda husaga pistoni na ringi zake kama jiwe la kusagia.

Betri nazo zilitufundisha somo. Volti 24 hupatikana kwa betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Dereva mmoja kijana alitaka redio, na redio yake ilikuwa ya volti 12, akaunga waya kwenye betri moja tu. Muziki ulikuwa mzuri. Lakini betri ile ikawa inatumika bila kujazwa sawa na mwenzake, na mwenzake akawa anajazwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache zote mbili zikafa. Tulilaumu muuzaji wa betri kwa muda wa majuma matatu kabla Fundi hajaufuata ule waya.

Kuhusu kuvuta kwa magurudumu manne, madereva wapya hupenda sana kutia gia ya mbele, wakidhani ni nguvu ya bure. Si ya bure. Kwenye tope magurudumu huteleza kidogo na hakuna kinachoumia. Kwenye lami au changarawe kavu magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo mmoja sawasawa kwenye kona, na kwa kuwa hayawezi kuteleza, shafti na meno ya gia hujikaza hadi kitu kikatike. Gia ya mbele iingizwe kabla ya tope, wala si baada ya kuzama, na itolewe mara tu ardhi inapokuwa ngumu.

Na sasa naomba vijana mnisikilize, hata ninyi mliosimama kule kwenye mwembe. Rimu za malori haya hazifanani na za gari dogo. Tairi hushikwa na pete ya chuma inayokaa kwenye mfereji wake. Tairi likiwa na upepo, pete ile inasukumwa kwa nguvu nyingi sana, na kama ina kutu, au imepinda, au ilitolewa kwenye rimu nyingine, huweza kuruka. Malori ya zamani zaidi yalikuwa na rimu za vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, na huko kosa lilikuwa kufungua nati hizo kabla ya kutoa upepo. Hatari ni ileile. Nyuma ya ghala, juu kidogo ya kimo cha mtu, kuna tundu kwenye bati. Wengi mmeuliza ni la nini. Ni la pete. Utingo wetu alikuwa ameinama kuitazama tairi likijazwa. Akaitwa kuja kuchukua chai, akainuka, akapiga hatua mbili. Hatukuliziba tundu lile kwa makusudi.

Sasa tuna kizimba cha mabomba ya chuma yaliyochomelewa, na hakuna tairi linalojazwa nje ya kizimba. Kabla ya kugusa pete, kiini cha vali hutolewa na upepo wote huachwa utoke. Pete na mfereji husuguliwa kutu hadi chuma kionekane. Anayejaza husimama kando akiwa na mpira mrefu. Na hakuna mtu anayegonga pete kwa nyundo tairi likiwa na upepo, hata kama amefanya hivyo miaka ishirini bila kuumia.

Limebaki neno la lori la tatu, kwa sababu najua linanong'onwa. Watu wameona lori zima likipungua: leo halina pampu, kesho halina springi, na baadhi wamesema viongozi wanaliuza vipandevipande. Sikasiriki kwa maneno hayo. Wazee wetu waliona mwaka 1976 vyama vikuu vilipovunjwa na mali zake kuhamishiwa mamlaka za mazao, na mtu aliyewahi kuona ghala na malori yake yakienda kwa mwingine ana haki ya kuhesabu springi. Ukweli ni kwamba General Motors iliacha kutengeneza malori ya Bedford nchini Uingereza, kiwanda cha Dunstable kikauzwa mwaka 1987, na mnunuzi wake naye akafilisika mwaka 1992. Spea zipo bado, maana malori ni mengi duniani, lakini nyingine husafiri miezi. Bodi iliamua kwamba lori la tatu, ambalo chesisi yake ilikuwa imepasuka, liwe ghala la spea kwa yale mawili. Kila kipande kilichotoka kimeandikwa: tarehe, kilitoka wapi, kiliingia wapi, na sahihi mbili. Daftari liko mezani pale pamoja na vikombe vya chai. Mwenye shaka alifungue, kisha aende akatazame chini ya lori la kwanza. Namba ya pampu ni ileile.

Wako pia wanaosema tuyauze yote tukodi magari. Hoja yao nusu ni ya haki. Malori haya hunywa dizeli, na kwenye barabara ya lami Fuso ya kukodi huyashinda kwa gharama kila mara. Nimepiga hesabu hiyo mara tatu nikitamani jibu jingine. Kwa hiyo tangu mwaka wa saba hatuyapeleki tena mjini. Hufanya kazi moja tu: kutoka mashambani na vyama vya msingi vya mlimani hadi ghalani, mahali ambapo mwenye Fuso akikutajia bei kwanza hutazama mawingu. Kwa kazi hiyo sijaona mbadala tunaoweza kuulipia.

Lakini Fundi wetu amevuka miaka sabini. Mwaka huu amelazwa mara mbili, na katika siku zile lori la pili lilisimama kwa kitu ambacho baadaye alikitengeneza kwa robo saa. Tukiendelea hivi, tutakuwa na daftari safi na malori mawili yaliyolala. Ndiyo sababu Bodi italeta katika mkutano mkuu ujao pendekezo la kuchukua vijana wawili kutoka vyama vya msingi, wafanye kazi chini ya Fundi miaka miwili kwa posho ya Chama, na katika muda huo wapelekwe kwa zamu kwenye chuo cha VETA wapate cheti. Posho hiyo itakatwa kwenye ushuru wetu sote, na sitaki mtu aje kuniambia baadaye kwamba sikuitaja leo.

Barua za maombi zinapokelewa ofisini hadi mwisho wa mwezi. Hadi jana jioni zilikuwa zimefika nne. Moja ni ya binti kutoka kile Chama cha Msingi cha ng'ambo ya mto, aliyeandika kwamba mwaka ule wa mbolea alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na alibeba mfuko nusu pamoja na mama yake. Nilimsomea Fundi barua hiyo. Akauliza kama binti huyo ana ovaroli. Nikasema sijui. Akasema aje Jumatatu hata kama hana, wakati mkutano unajadili posho yeye atakuwa anajifunza majina ya spana, na kwamba spana za gari hili ni za inchi, asije akaleta za milimita.